Jembe ya Ankol Wafula

Nyasi ikikatwa asubuhi, ikiwa bado na umande, hiyo harufu inanirudisha Mashimoni, Kibera, mahali nilianza hii kazi yangu ya kuchora viwanja vya gofu. Usicheke. Kila mtu hucheka kwanza.

Ankol Wafula, ndugu ya mama, alikuwa anakata nyasi kwa uwanja wa gofu wa matajiri, ng'ambo ya ua. Alituletea mipira ya zamani, nami nikatengenezea watoto wa ploti uwanja wetu: mikebe ya mafuta ya kupikia nimeizika chini iwe mashimo ya mipira, vilima nimejenga na mikono. Shida moja. Kilima ile kubwa iliteremkia mlango wa jirani, Mama Adhis.

"Mvua iko karibu," mama akaniambia. "Maji ikiingia kwa Mama Adhis, unafukia hizo mashimo zote. Gofu imeisha."

Nikakimbilia Ankol. Alikuja na jembe, lakini akaishika nyuma ya mgongo.

"Lala chini. Weka shavu kwa udongo. Sasa niambie maji itapita wapi."

"Ankol, si unichimbie tu!"

"Mimi? Kwani uwanja ni ya nani?"

Nilimwona mvivu kabisa. Nikalala, nikaangalia, nikamwaga jagi ya maji, nikafuata vile inateremka. Nikakata kilima na mwiko ya ugali ya mama mpaka maji ikakubali kugeukia mtaro.

Mvua ilikuja Jumapili, tukitoka tu kanisa. Mabati ilipiga kelele mpaka sikujisikia nikiomba. Nilikuwa chini ya kitanda, namwambia Mungu achunge huo mlango.

Ikaacha. Halafu: "Wewe Nekesa! Kuja hapa!"

Nikatambaa nikatoka nje. Mama Adhis alikuwa amesimama mlangoni, slipa zake kavu.

"Huku nyuma maji bado inaingia," akasema. "Kuja unitengenezee na huku."

"Bwana asifiwe!" mama akapiga makofi. Mimi nilikaa kwa matope nikalia, vile moyo ilikuwa imetulia.

Siku hizi niko Kawangware. Masomo ya jioni ilinifunza kuchora kwa karatasi, na mvua ikinyeshea uwanja yangu, bado naomba. Lakini ni juzi tu mama aliniambia Ankol alikuwa wapi ile Jumapili. Mimi nikiwa chini ya kitanda, yeye alikuwa kando ya mlango wa Mama Adhis, amelowa chepechepe, anaangalia maji, jembe tayari mkononi. Mvua ilipoacha akaenda zake.

Jembe ilirudi nyumbani bila tope.