Dirisha la Chumba cha Pasi

Mzee Pasi alikuwa na msemo wake, na asiyeujua basi hakuwahi kunywa naye chai. "Niondoleeni wageni wangu leo," angewaambia wafanyabiashara wenzake, "kesho nafunga milango. Wenyeji hawataki kazi." Wenzake waliitikia kwa vichwa, maana kila mmoja alikuwa na wageni wake huko uani.

Kazi yake ilikuwa udobi: mashuka ya hospitali na ya hoteli mbili. Wageni wake walikuwa wanawake wanne wasio na vibali. Mkubwa wao, aliyeitwa Bi Mgeni hata baada ya miaka tisa, ndiye aliyesimamia chumba cha pasi. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja tu, nalo Mzee Pasi alilipigilia misumari mwenyewe, mpita njia asije akachungulia akaona nani anafanya kazi. Bi Mgeni alipoanza kukohoa, aliomba lifunguliwe.

"Vumbi, mama," alimjibu. "Unataka hospitali waturudishie mashuka?"

Badala yake akawa anamnunulia dawa ya kikohozi kila mwezi, tena kwa mkono wake, na wema huo akautangaza kila penye masikio.

Asubuhi moja jirani alikuja mbio: maafisa wa uhamiaji wako mtaa wa pili. Mzee Pasi akawatoa wanawake wake kwa mlango wa nyuma, harakaharaka, hata Bi Mgeni akaacha kandambili zake chini ya meza. "Nitawaita," aliwaambia, macho yakiwa barabarani. Maafisa hawakufika, lakini hofu ilikuwa imeshamwingia, hakumwita mtu. Na mashuka ya hospitali yalikuwa yanangoja.

Maji yalipomfika shingoni, akampigia simu mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye alishaomba kazi pale mara mbili. Mara zote mbili mjomba alimwambia, "Kazi hii si ya mtoto wa nyumbani." Binti akaja siku ileile na rafiki zake wawili. Hao ndio wenyeji wasiotaka kazi!

Hata robo saa haijaisha, mpwa akatoka chumba cha pasi, gauni limemganda mgongoni.

"Mjomba, humu mnapiga pasi mashuka au mnapiga pasi watu?"

"Utazoea."

"Sizoei. Fungua dirisha."

"Vumbi, mwanangu."

"Si utundike shuka bovu? Unayo tele. Hutaki, basi, sisi tunakwenda zetu."

Neno hilo Bi Mgeni hakuweza kulisema kwa miaka tisa. Angekwenda wapi? Mzee Pasi akachukua nyundo. Misumari ilikuwa saba, na wa mwisho ulitoka kwa vidole. Shuka bovu likazuia vumbi, likazuia na macho ya watu, na mashuka yakafika hospitali meupe vilevile.

Mwezi ukaisha, udobi haukufa. Mabinti walitaka glavu, walitaka mapumziko, walitaka ujira wa kueleweka, naye akatoa huku akinung'unika. Gari jipya alilokuwa akiliota likasubiri, basi. Udobi kutokufa, hilo ndilo lililomchoma. Angefilisika, angalau angekuwa amesema kweli. Sasa wenzake wakianza ule wimbo wao wa wageni, alikisukuma kando kikombe chake cha chai. Aliona aibu, aibu ya kumpandisha joto mpaka masikioni, kwa kuwa alijua kwamba hakuwahi kuhitaji wageni. Alichohitaji ni watu wasioweza kuondoka.

Siku moja mchana, mlangoni pa chumba cha pasi, akasikia hodi.

"Karibu, mama," alisema, akasimama.

"Nimefuata kandambili zangu," alisema Bi Mgeni.

Zilikuwa palepale chini ya meza. Mzee Pasi aliinama akamtolea mwenyewe. "Rudi kazini, mama. Nafasi yako ipo. Hata kibali tutakishughulikia, barua nitaandika mimi." Aliyasema mbiombio, na safari hii aliyamaanisha.

Bi Mgeni akazipokea kandambili. Alikuwa ameinua uso, anatazama shuka bovu linavyopepea. Akakohoa kidogo, kiganja mdomoni.

"Kumbe linafunguka, baba."

 Neno pekee lililokaa tayari ulimini mwa Mzee Pasi lilikuwa vumbi, akalimeza.