Ubao wa Maharagwe na Posa Yangu

Miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nilikuwa mtunza ukumbi katika chuo cha kilimo nje kidogo ya Nakuru. Wazungu walikiita chuo tu. Sisi wafanyakazi tulikiita yunivasiti, maana mtu ukienda likizo kwenu Gilgil huwezi kusema unapiga polishi mahali pasipo na jina kubwa. Kazi yangu ilikuwa sakafu. Ilikuwa ya mbao, na niliijua kuliko nilivyoujua mgongo wangu: mahali inapolia ukiikanyaga, mahali inapokunywa polishi, na kule dirishani ambako ilikuwa imelala upande kwa sababu fundi aliyeijenga, nadhani, alikuwa na haraka ya kwenda kwao.

Mwaka huo akaja mgeni wa mkuu wa chuo, mwalimu wa sanaa katika chuo kikuu cha kwao ng'ambo, kuonyesha picha zake katika ukumbi wangu wiki mbili nzima. Nilitegemea milima na ng'ombe. Kumbe picha zenyewe zilikuwa za bahati. Yaani hakuchora, alitupa. Alirusha dadu zimwambie atumie rangi gani, na zikisema kijani mara nne, ni kijani mara nne, hata kama kijani kimekwisha na mtu anatumwa mjini kukitafuta. Kulikuwa na picha ya kuku waliotembezwa juu ya karatasi wakiwa na wino miguuni. Kulikuwa na karatasi nyingine kubwa aliyoitandika ukingoni mwa ziwa siku tatu ili heroe, wale ndege wetu wa rangi ya waridi, waichore kwa kutembea. Heroe hawakutembea. Walifanya lile jambo lingine ambalo ndege hufanya, na karatasi ikatundikwa hivyo hivyo, katikati ya ukuta, na taa yake peke yake. Mimi ndiye niliyeitundika. Mke wa mkuu wa chuo aliitazama kwa muda mrefu akasema ina amani.

Kazi kubwa ya maonyesho ilifanywa mbele ya watu, kila siku saa nne asubuhi. Ubao mpana wenye kingo pande zote, kama sinia, uliwekwa sakafuni ukapakwa rangi nzito, mbichi. Mgeni alipanda ngazi akamwaga debe la maharagwe. Yanapoanguka, yanapobingirika, yanapokwama, hapo ndipo picha ilipo. Siku ya kwanza alinipandisha mimi nimwage. Sasa, kabla ya kupata kazi ya ukumbi nilikuwa nimeanika pareto miaka minne, na maua ya pareto hayamwagwi, hutandazwa yasilaliane. Mkono wangu ukatandaza. Mgeni akanizuia kwa Kiswahili chake cha wiki moja, "Wewe hapana fikiri. Wewe mwaga tu." Nikajaribu tena, maharagwe yakakaa mistari. Nikanyang'anywa debe, nikapewa kazi ya kushika ngazi, na sitaficha kwamba iliniuma.

Lakini hata ngazi nilikuwa nikiishika kwa mwili tu. Roho yangu ilikuwa kwenye chumba cha kufulia, kwa binti wa mpishi mkuu, aliyepiga pasi mashuka ya wanafunzi. Baba yake alikuwa mtu wa Kabazi, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata ugali aliuombea ukiwa bado ni unga. Mimi nilikuwa nimemposa binti. Dereva wa trakta naye alikuwa amemposa, juma lile lile. Mzee alitujibu wote wawili kwamba anamwomba Mungu ishara, na mpaka ishara ije, asione kiatu cha yeyote mlangoni pake. Nilingoja miezi minane. Nilikonda. Dereva hakukonda, alikuwa mtu mtulivu sana, na utulivu wake ulinichoma kuliko ile baiskeli aliyokuwa nayo na mimi sina.

Basi siku moja mzee akaja ukumbini na aproni yake kutazama maharagwe yake yanapelekwa wapi, kwa kuwa yalitoka stoo ya jikoni. Alisimama mpaka debe likaisha.

"Huyu anachora nini?" akaniuliza.

"Hachori, mzee. Yanapoanguka ndipo palipo."

"Nani anachagua yaanguke wapi?"

"Mwenyewe anasema hakuna mtu anayechagua."

Mzee akanyonya jino. "Huyo mzungu hajui anachofanya," akasema. "Hata mitume walipiga kura walipotaka mtu wa kumi na mbili. Hii ni kura. Mwambie kesho nataka ubao wangu."

Nikajua hapo hapo ubao huo ni wa nini. Mzee alieleza na mimi nikatafsiri. Yeye alisema ubao ugawanywe kwa mstari wa mkaa, nusu yenye alama ya msalaba iwe yangu na nyingine iwe ya dereva, na upande utakaopata maharagwe mengi ndio Mungu aliouchagua. Mimi nilimwambia mgeni kwamba mpishi ameipenda kazi yake na anaomba ubao wenye mstari katikati na msalaba upande mmoja. Mgeni karibu alie. Alisema amezunguka nchi ngapi na huyu ndiye mtu wa kwanza kumwelewa, akamshika mzee mkono akautikisa mpaka aproni ikafunguka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake niliwahi ukumbini kabla ya watu, nikausogeza ubao kutoka katikati nikaupeleka kule dirishani, penye ule mteremko, nusu yangu ikiwa upande wa chini. Maharagwe ni maharagwe, hayawezi kupanda kilima. Nilijiambia kwamba Mungu naye husaidia anayejisaidia, na nilijiambia hivyo mara nyingi sana, jambo ambalo lingetosha kunionyesha kwamba sikuamini.

Saa nne habari ilikuwa imeenea. Wafanyakazi wakajaa mlangoni, dereva wa trakta akiwa mbele, na kwa kuwa siku hizo za hali ya hatari Waafrika watano wakisimama pamoja bila kibali waliweza kuitwa mkutano, karani wa chuo aliwapanga wanne wanne, kila wanne wakijifanya hawawajui wale wengine. Wazungu walidhani watu wamependa sanaa. Mkuu wa chuo akapiga picha.

Mgeni akapanda ngazi. Nikaishika. Halafu akashuka tena. Akatoa dadu mfukoni, akasema leo kuna kitu kipya: dadu pia zitasema ubao utazame wapi. Nilimwambia hapana haja, ubao uko sawa. Akanipigapiga begani, akasema, "Hapana fikiri." Akarusha. Akaushika ubao kwa pembe zake, akauzungusha nusu mzunguko kwa uangalifu wote wa mtu anayelaza mtoto, na nusu ya dereva ikaja chini.

Debe likamwagwa. Sijawahi kusikia kelele mbaya kama ile. Maharagwe yaliruka, yakabingirika, yakavuka mstari wa mkaa kama watu wanaokimbia mvua, yakarundikana kwa dereva. Kwangu yalibaki machache kwenye rangi, yamenata kwa aibu. Mzee wa kanisa akavua kofia akasema, "Amina." Mgeni, asiyejua lolote, akapiga makofi na kuandika namba nyuma ya ubao. Ubao huo alirudi nao kwao, na kwa ninavyojua uko ukutani mahali fulani, watu wanautazama na kusema una amani.

Mimi nililia. Mtu mzima, mbele ya wanne wanne wote. Nikasema sakafu imelala, nimeijua miaka miwili, nimeusogeza ubao mimi mwenyewe, kura hii ni batili.

"Kwa hiyo ulitaka kumwibia Mungu," mzee akasema polepole, "naye akaugeuza ubao."

Lilikuwa neno la haki kabisa.

Hapo watu wakapisha. Binti alikuwa ameitwa na mmoja wa wenzake, amekuja mbio na shuka mkononi.

"Baba, mmenipigia kura kwa maharagwe?"

"Nilimwachia Mungu, mwanangu."

Akamgeukia dereva. "Na wewe ulikubali?"

"Nilikubali," dereva akasema kwa upole.

"Na kama yangemwangukia huyu?"

"Ningemwachia, ndiyo. Ningefanyaje?"

Akanitazama mimi, na pua yangu ilivyokuwa ikichuruzika. "Na wewe?"

"Mimi niliiba."

Akalikunja lile shuka, kona kwa kona, kama vile yuko kazini. Kisha akasema, "Baba, huyu hakukubali kuniacha hata kwa kura. Nitaolewa na huyu."

"Na Mungu je?" mzee akauliza. "Si ameugeuza ubao?"

"Ameugeuza ndio huyu aseme kweli. Angeshinda angenyamaza, nami ningeolewa na mwongo nisijue."

Mzee alinitazama nikanushe. Sikuweza kukanusha, kwa sababu ningenyamaza. Ningenyamaza mpaka leo hii.