Kofia za Kijani

Harambee nilidhani nimeziacha Mombasa. Kumbe zilinitangulia Guangzhou, huku Uchina, zikanisubiri kwenye baridi. Shule ya binti yetu, shule ndogo ya kulipia yenye watoto wa Kichina na wa wageni kama sisi, ilikuwa haichoki kuomba. Leo mapazia, kesho kinanda. Mwaka ule wa theluji kubwa ikawa zamu ya hita za madarasani, na kila familia ikaambiwa ipange meza yake ya kuuza kitu. Nilinung'unika mpaka mume wangu akaniomba niupumzishe mdomo.

Safari hii, hata hivyo, walimu walikuwa wajanja. Waliwaahidi watoto kwamba meza itakayomaliza vitu vyake, mtoto wa meza hiyo atapelekwa milimani kaskazini, barabara zilizozibwa na theluji zikifunguka, akaione. Basi, nyumba ikawa haina amani tena. Binti yangu alikuwa akiota theluji, akila theluji, akiniuliza kama inanuka.

Kisha shule ikafungwa kwa ajili ya theluji ambayo hatukuiona. Guangzhou kwenyewe kulikuwa na manyunyu tu na baridi ya kuingia mifupani, lakini huko juu treni zilikwama, malori yakakwama, na baadhi ya walimu wakakwama nayo. Mzigo wa biashara wa mume wangu nao ulikuwa humo humo njiani. Mtoto alishinda dirishani. Siku moja akapiga kelele kwamba theluji inaanguka. Nilikwenda kutazama, nikakuta ni majivu, jirani anachoma karatasi. Alilia, maskini, nami roho ikaniuma.

Ndipo nikaamua: tutashona kofia. Nilikimbia Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nikapata kitambaa kizito cha manyoya, kijani kibichi, rangi ya heri kwetu. Mwenye duka aliuliza kwa ishara nashona nini. Nikajigusa kichwa. Mama yule akaziba mdomo, akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu akanipunguzia bei kabla sijaanza kubishana. Zhongda, mtu akupunguzie bila kubishana! Nikajisemea leo nimeamkia mkono wa kulia.

Tulishona siku nzima, mimi kwenye cherehani, binti akikata nyuzi. Ya kwanza nilimvika baba yake. Ilimkaa, akatoka nayo mtaani kwenda kuulizia mzigo, na akawa anatoka nayo kila siku. Alirudi akiwa amefurahi kweli: watu wanasimama kumtazama, wengine wanampiga picha. Wakimuuliza kaipata wapi, anawajibu kwa Kichina chake cha sokoni, kwa sauti, kwamba kavikwa na mke wake. Nami nikavimba kichwa, nikaona biashara tayari.

Shule ilifunguliwa, na siku ya mauzo mume wangu alisema atakuja baadaye. Tulipanga kofia zetu, zikapendeza. Hakuna aliyenunua. Meza ya maandazi pembeni yetu ilikuwa inaisha, na kwetu watu wanapita wakijibana mbavu. Mvulana mmoja alijaribu kofia. Baba yake akamnyang'anya kichwani kana kwamba mtoto kavaa chungu cha moto. Damu ilinichemka. Nilimfuata mwalimu wa darasa, mwanamke mpole wa Kichina, nikamuuliza waziwazi kama ni weusi wetu ndio hauuziki.

Masikio yakamwiva mwalimu. Akanivuta kando, akaninong'oneza. Kwao, mwanamume anayevaa kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe anatembea na wanaume wengine. Na anayemvika kofia hiyo ni mke mwenyewe.

Mume wangu! Siku zote hizo, mtaa mzima, kwa sauti, kavikwa na mke wake. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, lakini jamani, giza hili lilikuwa na watazamaji. Nikaanza kuzikusanya kofia nirudi nyumbani nikajifiche.

Binti akaushika mkono wangu. "Mama, na theluji yangu?"

Mume wangu alitokea wakati huo huo, kofia kichwani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikitazama chini. Aliivua, akaigeuzageuza. Akamtazama mtoto, ambaye midomo ilishaanza kutetemeka. Kisha akairudisha kichwani, akapanda juu ya kiti, na kwa Kichina kile kile akawatangazia wazazi wote:

"Kanivika mke wangu!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka machozi, na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu ndiye aliyekuja kwanza, akanunua moja akaivaa, akawaambia wenzake kwamba mambo ya kofia ya kijani hayawahusu wanawake. Wakaja akina mama, wakinifinya mashavu, wakiwavika binti zao, wakiwakonyeza waume zao. Meza ikabaki nyeupe.

Njiani kurudi, binti alikuwa mbele akiimba habari za theluji. Baba yake alitembea kando yangu, kofia kichwani. Mwishowe akanisogelea sikioni.

"Lakini, mke wangu," akaniuliza taratibu, "ni kofia tu, sivyo?"