Karatasi ya Chumba cha Nyuma

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika kumi jioni, kengele ilipolia na mimi bado nina sare ya shule. Alikuwa dada Mkenya, mlinzi wa jengo moja West Bay, hapa Doha, amekuja kuona chumba cha nyuma.

Tulikodi ghorofa ya chini ya vila mtaa wa Muaither, na chumba hicho Mama alikipangisha. Mpangaji wa mwisho alihama kwa ugomvi, eti hakuambiwa kwamba dari inavuja. Tangu hapo mwenye vila akatoa amri: kila anayeomba chumba aandikiwe kasoro zote, atie sahihi, ndipo apewe ufunguo. Kuandika nikabebeshwa mimi. Kuwajibu waliokosa chumba pia mimi, mtu ambaye hata simu naogopa kupokea.

Dada akagonga ukuta wa jipsam, mwembamba kama ubao. "Mama, mimi hufanya kazi usiku. Mchana ndio nalala. Hapa kuna kelele?"

"Kelele ya nani? Hapa kimya, mwanangu, utakoroma mpaka ujiamshe mwenyewe!"

Wakacheka. Mimi nilishika sinia la chai, macho kwenye vikombe. Nyuma ya ukuta ule ndipo cherehani ya Mama ilipokaa, na Mama alishona tangu asubuhi hadi adhuhuri. Yule dada angelala saa ngapi? Nilitaka kusema, nikaishia kugawa vikombe.

Alipoondoka, Mama akasoma karatasi yangu: maji hukatika mchana, jiko ni la pamoja, cherehani iko upande wa pili wa ukuta. Akasonya.

"Hili la cherehani litoe. Unatafuta mpangaji au unamfukuza?"

"Lakini Mama, mwenye vila alisema..."

"Mbele ya mgeni ulimi umeumeza, kwangu ndio unajua kusema?"

Nikaandika upya kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi, ikabidi nianze tena. Ile ya kwanza niliificha ndani ya daftari la hisabati.

Ijumaa ni siku ya mapumziko, Mama hakushona. Saa moja asubuhi dada alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, begi mkononi, kutia sahihi na kuchukua ufunguo. Mama alipompeleka chumbani, niliketi kwenye cherehani, bila uzi wala kitambaa, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Ukuta ukatetemeka.

"Ni nini hiyo?" nikamsikia dada. Mama akaniita mimi kwa ukali. Nikaendelea kukanyaga mpaka dada akasimama mlangoni. Nikafungua daftari la hisabati nililoliweka kando ya cherehani. Nikachomoa ile karatasi ya kwanza, nikampa.