Mpendwa wa Mzee

Wenzangu tuliomaliza nao sekondari walitoka Nakuru kitambo. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye sofa. Kwa hivyo Mama alipofariki, ni mimi niliyebaki na Mzee huku mtaani Section 58, na ni mimi niliyemfungulia imeli kwa simu, ili asishinde akitazama ukuta.

Watoto wake wengine hawakumwandikia. Aliyemwandikia ni mjane fulani wa ng'ambo, kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Mpendwa katika Bwana, mimi ni mgonjwa wa saratani. Siku zangu zimekwisha. Mungu amenionyesha wewe."

Kanisani kwetu, mpendwa ni mtu mliyeokoka naye. Akikuita hivyo humwulizi kitambulisho. Mzee alimjibu, kisha akapeleka jina lake kwa fellowship, kikundi chetu cha maombi, akina mama wakamwombea mpaka sauti zikakauka.

"Mzee, umepata mchumba?" nikamtania.

"Nyamaza. Wewe hata wa kukukataa huna."

Wakaandikiana wiki kadhaa. Halafu mjane akaomba namba ya akaunti ya benki, amwachie Mzee mali yake. Mzee akaniletea simu.

"Mali yake sitaki. Niandikie tu, muulize kama ameanza kula."

Mama siku zake za mwisho alikuwa anakataa hata uji.

Nikamkalisha chini. Nikamwonyesha kwamba huyu mtu hajawahi kumwita kwa jina, kwamba ana haraka, kwamba anataka namba ya akaunti. Bado hakuamini. Nikachukua sentensi moja, nikaitafuta kwa mtandao. Ikatokea barua ile ile, neno kwa neno, ila mjane wa huko alikuwa anaugua figo.

"Ni tapeli, Mzee. Pengine ni kijana ana ndevu kuliko wewe."

Hakucheka. Alisoma ile barua ya figo mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hakuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Basi afadhali," akasema, akivua miwani. "Hakuna anayeumia."

Nikamwonyesha pa kubonyeza ili barua za huyo ziende kwenye spamu. Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba, polepole.

"Na zile nilizomwandikia mimi?" akauliza. "Habari za mama yako. Vile alivyougua. Nilimwambia zote."

Mimi hakuwa ameniambia hata moja.

"Alizipata," nikasema.

"Alizisoma?"

 Nikamwambia ndiyo, alizisoma.