Chupa Iliyotembezwa

Mama mdogo wangu hapaki mafuta siku ya kazi. Wala manukato, wala krimu. Hata harusini kwangu alikuja mikono imepauka, kwa sababu kesho yake alikuwa na safari ya dampo. Sisi watoto wa dada yake, kwa kukosa adabu, tulimbandika jina la Mama Majivu. Alicheka tu.

Kazi yake ni kuteka yale maji meusi yanayochuruzika chini ya taka na kuyapima maabara, ajue yamebeba nini kutoka kwenye makopo ya rangi, dawa za wadudu na plastiki zilizochakaa. Mashine yake hunasa kemikali hata ikiwa chembe, kwa hiyo mafuta ya mkononi tu yangepotosha majibu. Na kila safari hubeba chupa moja ya ziada, ya kioo, yenye maji safi ya maabara. Anaifungua pale anapoteka, anaifunga, anarudi nayo na kuipima kama zile nyingine. "Leo kayatembeza maji," tulikuwa tukisema, mbavu hatuna.

Mwaka juzi alikuja kupima kisima cha mama, mtaa wa pili kutoka dampo. Majirani wote waliteka pale, na mama alijivunia kisima kile kuliko sisi wanawe. Majibu yakaja mabaya: kemikali zile zile za dampo.

Mama alipandwa na hasira. "Unashinda kwenye uchafu kutwa, halafu unaniambia kisima changu kichafu? Umeuleta wewe, kwa mikono yako!"

"Nilijua utasema hivyo, dada." Akatandaza karatasi mbili mezani. Kwenye ya kisima, mstari ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kwenye ya pili ulikuwa umenyooka. "Hii ni ile chupa mnayoicheka. Niliifungua pale pale kisimani, kwa mikono hii hii, na imerudi safi. Si mimi, dada. Ni maji."

Niliona aibu kwa kicheko changu cha miaka yote ile.

Mama alizitazama karatasi. Kisha akatoka, akafunika kisima, akatia kufuli, akapita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wasiyanywe tena.

Aliporudi alikuwa na kopo lake la mafuta. Akakaa karibu na mdogo wake.

"Kesho unaenda dampo?"

"Siendi."

"Basi lete mikono."