Pikipiki Yenye Ngozi ya Ng'ombe wa Baba Mkwe

Pikipiki ile ilikuwa mzee kuliko baba yangu, na mke wangu aliichukia kuliko alivyowahi kumchukia mwanamke yeyote. Simlaumu. Ililala chumbani mwetu miaka mitatu, upande wa dirisha, maana nje wangeiiba, na petroli yake ilinuka mpaka kwenye maharage.

Niliitoa huko kijijini Cyanzarwe, kwenye banda la kuku la shamba moja ambalo mzungu wake aliondoka zamani. Kuku walitaga juu ya injini. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, la pili sikulimaliza, mwalimu alikuwa na mkono mzito, lakini hayo tuyaache. Chuma nakielewa. Niliikwangua kutu, nikachonga vipuri, tangi nikalipaka rangi nyeusi ya milango. Kilichonishinda ni mkanda. Pikipiki za wakati ule hazina mnyororo. Zina mkanda wa ngozi unaotoka kwenye injini mpaka gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, na mkanda wa namna hiyo haupatikani Gisenyi wala Goma.

Bon, niseme ukweli, kwa kuwa aliyepaswa kukasirika ameshakasirika. Chumbani tulikuwa na ngozi ya ng'ombe ambaye baba mkwe alitupatia tulipooana, mwekundu mwenye mabaka meupe kama maziwa yaliyomwagika. Ng'ombe alikufa, ngozi ikabaki kwa heshima yake. Niliikata vipande virefu, nikavishona pamoja, na manyoya sikuyatoa, nikidhani yatashika vizuri. Mke wangu nilimwambia panya wameila. Alinitazama kama mimi ndiye panya.

Siku petroli ilipomwagika kwenye kitenge chake cha kanisani, alifunga mzigo akaenda kwa baba yake, huko Nyakiriba. Nikamfuata na pombe ya ndizi, kama mwanamume anavyotakiwa. Mzee aliinywa yote kwanza, halafu akatoa hukumu: pikipiki iuzwe mnadani, mbele ya watu, na yeye mwenyewe aje kuona. Ikiuzwa, binti yake atarudi. Nilikubali haraka. Njiani ndipo nilipoukumbuka mkanda. Mzee yule humjua ng'ombe wake hata akionyeshwa mkia tu. Akiiona ngozi ile, mke sitampata tena.

Mnada ulikuwa kwenye uwanja nyuma ya soko, ambapo waliuza vitanda na friji za wageni waliokuwa wanaondoka. Mwenye kunadi alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa safi mno, hata friji mbovu ilionekana nzuri akiisema.

Wanunuzi walitaka kuisikia ikiunguruma. Donc, nikapanga ujanja. Pikipiki ile haina klachi: ikiwaka inaenda, na kuisimamisha ni kuizima. Watu watasimama kwa duara, mimi nitazunguka kwa mkono wa kushoto, mkanda uangalie ndani, wao waone upande wa kulia tu. Mzee macho yake ya mbali hayakuwa mazuri. Nikakanyaga pedali, ikawaka.

Ndipo mwenye kunadi akamwona mzee na kofia yake na fimbo yake, akaona aibu mtu kama yule asimame na vijana. Akamletea kiti. Akakiweka katikati.

Mzunguko wa kwanza mzee alitabasamu. Wa pili akainama. Wa tatu akainua fimbo.

"Mukwe, simama."

"Baba, hii kitu haisimame."

Nikapita. Niliporudi alikuwa ananingoja.

"Ile ngozi mi naijua."

"Ngozi zinafanana, Baba."

"Hata ile baka ya pa shingo?"

Hapo nilikuwa nimeshampita. Nilitafuta uongo duara zima, lakini nilipomfikia tena ulikuwa umeshachacha.

Wakati huo bei ilipanda. Mfanyabiashara mmoja wa Goma alishindana na mzungu aliyesema ataipeleka Ulaya, kwenye nyumba ya vitu vya zamani. Mzee alisikia. Akasimama.

"Ngombe yangu haiende Ulaya," akasema. "Natoa mutamba moja, iko na mimba."

Mwenye kunadi alieleza kwa upole kwamba mnada ni wa faranga. Watu wakamzomea yeye, si mzee. Mtu wa Goma alirudisha pesa zake mfukoni, maana nani asimame mbele ya umati kushindana na ng'ombe? Mzungu alicheka akanyoosha mikono. Kifuniko cha sufuria, ndiyo nyundo ya mnada, kikagongwa mezani, ikauzwa.

Niliizima. Mzee alikuja akapapasa manyoya ya mkanda taratibu.

"Huyu mutamba ni wa bibi yako, binti yangu," akaniambia. "Siku ngombe atakufa, ngozi utaniletea mi. Yote."

Niliisukuma mwenyewe mpaka Nyakiriba, na njia ile ni mlima mtupu. Mke wangu alipoiona inaingia kwenye boma la baba yake, hakunisalimia hata. Alifunga mzigo palepale, akasema hawezi kuishi pamoja na kitu kile. Akatangulia, mimi nyuma nikimvuta mtamba.

Mzee aliiweka chumbani kwake, upande wa dirisha. Wiki moja baadaye mama mkwe alikuja kututembelea. Alikuja na mzigo.